Jinsi Karani Alivyokiokoa Kisu cha Mkwewe Kabla ya Saa Saba

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili na hata mwenye moja, na aliye jikoni apunguze moto, kwa maana haya ninayoyasimulia hayajapata kutokea tangu ua huu ulipozungushiwa ukuta. Namsimulia Karani wa Masijala, simba wa mihuri, jemadari ambaye majalada elfu tatu humtii bila kunong'ona. Nakisimulia pia kisu cha porini alichopewa siku ya ndoa yake na baba mkwe wake, mpima ardhi mstaafu, mzee aliyefyeka vichaka kwa kisu hicho miaka thelathini bila hata doa kukaa kwenye bapa lake.

Siku ile ya kukabidhi, mzee alisema maneno machache. Kisu ni cha kazi, na siku atakayokuja akakikuta kimeharibika, atakichukua ampe mwanyumba. Na mwanyumba huyo, yaani mume wa dada wa mkewe, ni fundi wa friji, mtu mwenye kisanduku cha vifaa kilichopangwa hadi skrubu ya mwisho, na mwenye tabia mbaya ya kutabasamu bila kusema kitu. Shujaa wetu angekubali kung'olewa jino bila ganzi kuliko kulitazama tabasamu lile.

Ikawa Jumamosi asubuhi simu ikaja: mzee angefika saa saba. Karani akapanda kiti, akaishusha hazina yake kutoka juu ya kabati, akashika mpini, akavuta. Kisu hakikutoka. Akavuta tena huku ameibana ala kwa magoti, kikatoka kikilia kama mlango wa stoo, na kumbe adui alikwisha kuingia ngomeni zamani. Kutu ilikuwa imetapakaa kuanzia ncha hadi shingo, na mti wa mpini ulikuwa umekauka na kupasuka nyufa. Miezi minane nyuma alikuwa amekikatia tikiti mbele ya wageni, akakisuuza kwa mbwembwe, akakirudisha ndani ya ala ya ngozi kikiwa kimelowa. Ngozi ikayatunza maji yale kwa uaminifu ambao bwana wake hajawahi kuuonyesha kwa chombo chochote cha nyumba hii.

Hapo shujaa akamhutubia mkewe. "Ewe binti wa mpima ardhi," alisema, "leo ni mimi au kutu. Nikianguka, waambie watakaozaliwa kwamba baba yao alikufa na msasa mkononi."

"Usiangukie hapo, nimeshapiga deki," alisema mkewe. "Na hicho kitambaa ulichoshika ni cha vyombo."

Basi akatoka uani kwenda vitani, akiwa amepitia kwanza kwa seremala jirani kuomba msasa laini, kinoo, mafuta ya kitani na ushauri, na ushauri ndio aliopewa kwa wingi. Kutu aliipaka mafuta ya cherehani, akaingoja ilainike, akaisugua kwa msasa kufuata urefu wa bapa. Kisha akalowesha kinoo na kuuinua mgongo wa kisu upana wa kidole kidogo, si zaidi, akayasukuma makali mbele kama anayekata kipande chembamba cha jiwe, mara kumi upande huu na mara kumi upande ule. Katika mara ya tisa damu ilimwagika, tone moja, na vita vikasimama robo saa ikitafutwa plasta. Mwisho akaulainisha mpini na kuunywesha mafuta ya kitani, akaufuta hadi ukaacha kuteleza mkononi. Aliogopa kweli, na hofu ile haikuwa mchezo.

Saa saba mzee akaingia. Baada ya kula aliomba kisu, akanusa mpini, akaukunja uso.

"Mafuta haya hayajamaliza hata saa mbili," alisema.

Mzee akachukua limau, akalipasua mara moja, na makali yakapita bila kukwama. Hakusifu. Alikishika kisu vilevile, maji ya limau yakichuruzika, akakielekeza kwenye mdomo wa ala.

"Baba, samahani," shujaa alisema. "Kifute kwanza. Tena kisilale humo, ngozi inashika maji."

Mke akaacha kukusanya vyombo. Hakuna mkwe katika ukoo ule aliyewahi kumkosoa mzee mezani. Mzee akakiweka kisu mezani, mpini ukimwelekea Karani.

"Mwanyumba wako nilimfanyia hivihivi na panga langu," alisema. "Alitabasamu tu. Kaa nacho."

Na iandikwe basi, enyi vizazi, kwamba siku hiyo kisu kilifutwa, kikakaushwa, kikapakwa mafuta na kutundikwa nje ya ala. Na kweli iliandikwa, kwa kuwa mshindi alifungua jalada jipya, akaweka tarehe, akaandika "Kisu kimefutwa", akapiga muhuri mara mbili. Alipoinua kichwa, sahani yake ilikuwa bado mezani, na mkewe alikuwa ameisimamia akiuliza kama nayo ina jalada lake. Hapo wino unakatika, na historia haisemi ni nani aliyeiosha.