Ukuta wa Jiko la Shangazi Zoila

Jumatatu, 15 Septemba
Nimepata ushahidi kwamba hakuna anayesoma ripoti zangu! Kwenye ukurasa wa nne wa ripoti yangu ya wiki niliandika namna ya kupika supu ya viazi na jibini. Bosi amejibu: Kazi nzuri, Wilmer. Miaka tisa mimi ni Mratibu wa Maboresho Endelevu. Hakuna ajuaye ninachoboresha. Hata mimi sijui. Babu Serafín alifyatua matofali ya udongo maisha yake yote, na jioni aliona ukuta. Mimi jioni naona kompyuta iliyozimwa, na uso wangu ndani yake.

Ukuta wa jiko la Shangazi Zoila umeanguka kule kijijini. Mvua zikifika kabla haujasimama, itabidi ahamie kwangu hapa mjini Cuenca. Vyumba viwili, yeye na simbilisi wake wa kitoweo kumi na wanne! Alilia kwenye simu. Anasema mjini atakufa kwa kukosa cha kufanya. Nimemwambia afute machozi, naja kujenga kwa mikono yangu kama babu. Nimechukua likizo. Ratiba nimeshachora, kwa rangi tatu.

Jumanne, 16 Septemba
Leo kufyatua, kesho kukauka, Alhamisi kujenga, Ijumaa kutafakari. Nilianza kukanyaga udongo pekupeku saa mbili asubuhi. Furaha tele! Mpaka saa mbili na nusu. Kufikia jioni, matofali ishirini na tisa. Jirani, Don Abelardo, aliegemea uzio akauliza mbona sioni nyasi kavu kwenye udongo. Nikamjibu sijaweka, nataka tofali safi. Akacheka mpaka akashika kofia. Ana wivu.

Jumatano, 17 Septemba
Matofali yote yamepasuka. Don Abelardo amekuja kunieleza, bila kuulizwa, kwamba tofali hukaa juani wiki tatu huku likigeuzwa. "Bwana ofisi, hata jua umeliitia kikao?" Shangazi hajanilaumu. Ameanza tu kufunga sahani zake kwenye magazeti, moja moja. Hilo limeniuma.

Alhamisi, 18 Septemba
Mpango mpya: minga! Wazee hawakujenga peke yao. Kijiji kizima kilikuja kazini, mwenye nyumba akawalisha. Nimebandika tangazo mlangoni pa kanisa: Jumamosi, saa mbili hadi saa sita, mapumziko dakika kumi na tano. Chini yake fomu ya kujiandikisha. Hadi jioni kulikuwa na jina moja: Mbuzi wa Don Abelardo. Watu hawa wamesahau mila zao wenyewe.

Jumamosi, 20 Septemba
Nimeamka saa moja na nusu. Ukuta umefika kiunoni! Watu ishirini na wawili walikuwa kazini tangu saa kumi na moja alfajiri, na hakuna aliyesoma tangazo langu. Kumbe jana Shangazi alipita mlango kwa mlango na jagi la chicha, pombe yetu ya mahindi. Kwa miaka arobaini amebeba maji na kupika kwenye minga za wenzake, leo wamekuja kumrudishia mikono. Don Abelardo amebomoa banda lake la nguruwe ili yapatikane matofali makavu.

Nilijitolea kusimamia. Wakanipa ndoo ya udongo. Nikaiangusha ndani ya chungu cha mahindi ya kuchemsha. Wakanipeleka kuchunga simbilisi wasitoroke. Wametoroka wawili.

Saa kumi jioni ukuta ulishika paa. Shangazi aliupapasa kwa kiganja, halafu akaenda kuzifungua sahani zake. Nililia. Uchovu tu.

Wakati wa kula nikasimama kuhutubia kuhusu Babu Serafín na utamu wa kazi ya udongo. Shangazi akaniambia nikae. Akasema baba yake aliuchukia udongo kuliko ugonjwa. Mgongo ulimpinda hajafika miaka thelathini. Kila Jumapili alichungulia dirishani pa parokia, akimtazama karani kwenye kiti chake, na kusema kwamba mjukuu wake mmoja atakaa kwenye kiti kama kile, hata kama ataandika upuuzi.

"Basi mwanangu, umemtimizia," akamalizia Shangazi, na akaniwekea paja kubwa la simbilisi. Wote walicheka. Yeye hakucheka. Alinishika shavu.

Jumatatu, 22 Septemba
Ofisini. Nimetafakari safari nzima. Kwa hiyo hata babu hakuwa na furaha! Basi kosa langu ni dogo sana: nilikosea karne. Baba wa babu yake alipeleka kofia pwani kwa nyumbu wa mizigo, miaka ya elfu moja mia nane hivi. Huyo lazima alifurahi. Nimempigia Don Abelardo aniazime nyumbu wake. Amecheka mpaka simu ikakatika. Wivu uleule.

Ratiba nimeshachora. Jumanne: kumzoea nyumbu. Jumatano: nyumbu kunizoea mimi.