Ndoo ya Bakteria na Trei Tatu za Mayai

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kumuuguza dada yake. Kaniachia kuku thelathini wa mayai, na mama yake mzazi. Mama mkwe kakaa kibarazani anachambua mboga, jicho kwangu. Sijali! Wiki hii watajua mimi ni nani.

Hali yenyewe ni hii. Kuku walihara, wakapewa dawa, dozi imekwisha, lakini matumbo bado hayajatulia. Leo mayai kumi na manne tu. Jumamosi mwoka mikate anataka trei tatu, mayai tisini kamili. Yakipungua hata moja, oda inahamia kwa Mstaafu, jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye kuku wake hawajawahi hata kupiga chafya. Oda hiyo mke wangu kaihangaikia miezi minane.

Daktari wa mifugo kabandika maelezo kwenye mlango wa banda. Dawa imeua bakteria wabaya pamoja na wazuri, sasa wazuri warudishwe. Kijiko kimoja cha unga wake kwenye ndoo ya maji safi ya baridi, kila asubuhi. Na bakteria nao lazima wale: pumba za ngano na kitunguu kilichokatwakatwa, kidogo.

Maji safi, kwangu? Nimekoroga unga kwenye ndoo, nikaibandika motoni mpaka ikatokota. Kijidudu hata kimoja kisipite! Mama mkwe akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia, Mama, hii ni sayansi. Akarudia mboga zake.

Jumanne, 5 Machi

Mayai kumi na mawili. Basi dozi ni ndogo. Nimetia vijiko vinne, nimechemsha mara mbili. Vitunguu nimekata beseni zima, machozi yakanitoka kama mfiwa. Mstaafu akachungulia juu ya ukuta, akauliza kuna msiba? Nikamwambia kuku wetu wanataga mpaka tunakosa pa kuweka mayai. Akasema hongera, akateremsha kichwa taratibu. Kaumia, najua.

Jumatano, 6 Machi

Kumi na matatu. Kopo la unga limekwisha. Nimekwenda kwa daktari kuomba jingine, nikamsimulia kwa fahari ninavyochemsha. Akavua miwani. Akaniuliza tena, umechemsha? Akanieleza polepole, kama anasema na mtoto wa chekechea, kwamba unga ule ni viumbe hai, na kwamba nimewanywesha kuku supu ya marehemu. Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja alicheka mpaka mbuzi wake akashtuka. Unga mwingine utafika wiki ijayo. Wiki ijayo! Oda itakuwa imeshapaa.

Lakini daktari alidokeza jambo moja. Vifaranga, anasema, hupata bakteria wazuri kwa kudonoadonoa palipo na kinyesi cha kuku wakubwa wenye afya. Nimerudi nyumbani natembea kama bwana harusi. Kuku wenye afya nawajua walipo.

Alhamisi, 7 Machi

Kila Alhamisi saa nne Mstaafu huenda kliniki kupima presha. Saa nne na dakika tano nilikuwa nimeshauruka ukuta na ndoo yangu. Nimejaza kinyesi cha daraja la kwanza. Wakati wa kurudi, suruali ikanasa kwenye msumari. Nikaning'inia. Nani akatokea? Mstaafu! Kumbe mashine ya presha ni mbovu. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Akasema kama ni mbolea si ningeomba tu. Nilitamani ardhi ipasuke. Akaninasua mwenyewe, akaniazima na koleo.

Nimekimwaga chote bandani. Mama mkwe kaja na ufagio, kakizoa, kakipeleka kwenye bustani ya mboga. Kachelewa! Kuku walishadonoa. Ushahidi huu hapa: mayai kumi na saba!

Ijumaa, 8 Machi

Kumi na tisa! Na kinyesi kimekaza, kizuri, cha kupigwa picha. Nimekipiga. Nimemtumia daktari. Hajajibu. Aibu hiyo.

Jumamosi, 9 Machi

Yalibaki kumi na matano. Nikakaa mlangoni mwa banda tangu alfajiri, roho juu. Saa tatu yamefika kumi na sita! Moja nimelipasua kwa kushangilia. Tisini kamili!

Mwoka mikate kafurahi, kasema oda ni yetu. Ila akalalamika kwamba hamira yake siku hizi ni mvivu, unga hauumuki upesi. Mtaalamu nitanyamazaje? Nikamnong'oneza: ichemshe kwanza, itoke uchafu. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwonyesha zile trei tatu.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu karudi. Mama mkwe hakumpa hata nafasi ya kutua mzigo. Eti aliponiona Jumatatu nabandika ndoo motoni, akauficha unga wa daktari chumbani kwake, kopo akalijaza unga wa ngano. Eti kila asubuhi, mimi nikinywa chai, alikuwa anamwaga ndoo yangu na kuwapa kuku bakteria wao kwenye maji ya baridi, kijiko kimoja kama ilivyoandikwa. Wamecheka mpaka wakashikana. Nami nikatabasamu. Mtu mzima akitaka sifa, unamwachia. Ukweli naujua mimi na ule ukuta.

Saa sita mwoka mikate kapiga simu. Mikate mia mbili imelala bapa kama kandambili. Anaomba namba ya Mstaafu. Mke wangu kanitazama. Mama mkwe kaweka chini kisu cha mboga.

Mimi nimeichukua simu kwa utulivu, maana kosa nimeliona papo hapo. Nimemuuliza hamira kaichemsha kwa muda gani. Dakika tano tu! Nimemwambia ndiyo maana.