Kadi Yenu Hii Hapa, Mzima Sichangii Wagonjwa

Kwa Mkubwa wa Bima ya Afya,
Ofisi ya juu kabisa, yenye kiyoyozi.

Ndugu Mkubwa,

Hujambo? Kama unaumwa, pole, ila ujitibu kwa pesa zako. Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la nne, la tano walinifukuza kabla sijakaa. Nimeichangia Bima yako miaka kumi na tisa na sijaumwa hata mafua. Kwa barua hii najitoa. Kadi nimeigandisha nyuma ya karatasi kwa gundi ya viatu, isije ikapotelea njiani kama zinavyopotea dawa zenu. Sababu zangu ni hizi:

1. Jirani yangu mwashi ana kifua. Kila chupa ya dawa anayokunywa, inashuka kwake lakini inatoka kwangu. Nikimlaumu, anacheka na kukohoa kwa pamoja: "Ahsante fundi, leo umenitibu vizuri!" Mmenifanya daktari bila mshahara.

2. Ugonjwa ni starehe. Mgonjwa analala mchana, anabebewa uji, na mashemeji wasiomjulia hali mwaka mzima wanamwita kipenzi. Mimi mzima nani ananiita kipenzi? Basi anayestarehe alipe, na aliyelazwa alipe kama yuko hotelini. Sisi wazima mtupe posho kwa kutowasumbua. Na wale wakubwa ambao jino moja likiwauma hulipandisha ndege likang'olewe ng'ambo, warudi kwa miguu.

3. Fomu zenu mmezibania wino mpaka maandishi yamekuwa ukungu. Nilipouliza, karani akasema, "Babu, mbona yanasomeka?" Adabu hakuna.

4. Taa za zahanati zote mmezivisha maduara ya rangi, utadhani kuna harusi. Kumbe michango yetu inaishia kwenye mapambo!

5. Ubahili wenu umeambukiza hata viwanda, siku hizi vinatoa sindano zisizo na tundu. Wiki ya tatu hii sijapitisha uzi. Nesi mmoja alinirudishia sare akidai mfuko nimeuweka mgongoni. Nikamwambia ageuke yeye. Wateja wanahama. Cherehani ikinyamaza, mimi na mke wangu tutakula vifungo?

6. Hili ndilo lililonimaliza. Jumatatu nilikwenda zahanati na mke wangu, yeye akakaa kwenye benchi, mimi nikaenda kumlalamikia daktari mwenyewe. Nilimkuta kasimama ukutani na koti lake jeupe. Nikamweleza yote, karibu nusu saa. Hakujibu, hakuguna, kiti hakunikaribisha. Nikampa mkono, naye akanipa mkono mlegevu, hauna hata mfupa. Dharau gani hiyo?

Kwa hiyo nchi nzima iamue: kila mtu abebe ugonjwa wake, kama anavyobeba pua yake.

Nisalimie makarani wote, watoa dawa, mlinzi wa getini, na shemeji yangu mkeo.

Ni mimi, nisiyeumwa popote,
Fundi Cherehani, kibanda cha kona.

Nyongeza, sahihi ikiwa imeshakauka:

Nilimpa mke wangu anisomee barua kabla sijaifunga, maana hata kalamu yangu wino wake umefifia. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mzima wewe! Sababu ya tatu mpaka ya sita ni ugonjwa mmoja, mzee. Una mtoto wa jicho. Na huyo daktari wako ni koti lililotundikwa msumarini! Nilikuwa pale kwenye benchi nakutazama, nikadhani unakagua mshono, maana koti lenyewe ulilishona wewe."

Jana mwashi alinishika mkono mpaka kwa daktari, safari hii mwenye mifupa. Alhamisi natolewa huyo mtoto wa jicho, la kulia kwanza. Bima inalipa yote. Mwashi aendelee kuchangia, na wazima wote muwaongezee mchango, pesa wanazifanyia nini?

Kadi imegoma kubanduka. Basi siku hiyo nitaileta barua nzima dirishani. Mwambie karani aangalie upande wa kadi tu. Asigeuze.