Bitiruti za Kusafisha Damu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe ameweka viatu vyangu kwenye friji. Mara ya pili. Mimi nimecheka, yeye amecheka. Wifi yangu Eve, aliyekuja kututembelea, hakucheka. Amesema Ijumaa mama akipimwa damu na ionekane ana ugonjwa wa kusahau, anamchukua wakaishi ushago, kule kijijini. Ati aende! Na binti yangu anayeitwa Wangu, jina la huyu bibi yake, nani atamwimbia alale?

Nesi Kawsar wa kliniki alitueleza. Kwenye damu wanatafuta protini zinazotoka kwa ubongo unaougua. Pia wanatafuta dalili za kitu kama kutu: mwili ukichoma chakula hubaki mabaki makali, na yakizidi kinga yanakula chembe za ubongo. Mboga na matunda husaidia hiyo kinga. Akasema tuendelee kula kama kawaida, na asubuhi ya Ijumaa mama asitie kitu mdomoni. Hapo mwisho sikusikia vizuri. Nilikuwa nimeshapata mpango. Tutaitoa kutu yote kabla ya Ijumaa!

Jumanne, 4 Machi

Sokoni Jericho. Bitiruti, karoti, mboga za managu. Nimesaga, nimechuja, nimempa kikombe kikubwa. Mama ameuliza kama yeye ni sungura. Lakini amekunywa. Ananipenda, huyu mama.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Mama ametoka chooni akipiga mayowe kwamba anakojoa damu. Majirani wa ploti nzima wamefika. Eve ameshika kichwa, anatafuta teksi. Ikabidi niseme ni rangi ya bitiruti. Eve ameniita daktari wa sokoni, tena mbele ya majirani! Nimeahidi kuacha.

Jioni Eve ameenda dukani. Nimempa mama kikombe kidogo tu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi juisi tena. Juisi si chakula, inanywewa.

Kliniki, nesi amemuuliza mama amekula nini. Mama huyu asiyejua viatu vinakaa wapi! Amemtajia zote: bitiruti, karoti, managu, na kikombe cha leo nyuma ya mlango, Eve asione. Sikujua niangalie wapi.

Nesi hakumtoa damu. Turudi baada ya wiki mbili. Amesema, kwa upole, kwamba huu si mtihani wa kupita. Juisi haifichi ugonjwa, inavuruga vipimo tu. Nikasema sitaki mama aende.

Mama akanishika mkono. Akasema kichwa ni chake na anataka kujua kinachoendelea humo ndani. Na habari ya kuhama, mbona hakuna aliyemuuliza yeye? Ugonjwa uwepo usiwepo, haendi. Huko ushago atamwimbia nani, ng'ombe?

 Eve akasema sawa, mama abaki, mradi mimi nifuate maneno ya nesi. Nimeapa.

Jumapili, 9 Machi

Mama anasema leo ni Jumamosi. Nimeangalia simu. Kweli, ni Jumamosi, tarehe nane.

Juisi nimeacha kabisa. Mimi ni mtu wa neno langu. Lakini nesi alisema siku ya kurudi kliniki mama ataulizwa maswali pia: leo siku gani, mwezi gani, arudie maneno matatu. Kuhusu maswali hakukataza kitu! Tumeanza mazoezi. Nimemwambia mama akikwama anitazame, nitamnong'onezea jibu.

Mama amesema kwa majibu yangu haya, afadhali yeye aninong'onezee mimi.