Ndimu Alizoniruhusu Daktari

Jumatatu, 2 Desemba

Balaa! Daktari wa Upanga amenipima mara mbili, akavua miwani, akanitazama kama mtu aliyekuja msibani. Presha haijashuka. Isiposhuka kufikia Ijumaa, kasema, hapandi mtu ndege. Mtu mwenyewe mimi!

Ndege ni ya Jumapili, kwenda Maskati, kumwozesha Tasneem. Binti yangu wa pekee. Walii ni baba. Baba ndiye anayeushika mkono wa bwana harusi na kutamka maneno. Nisipokwenda itabidi nimpe uwakala mdogo wangu Talha. Talha! Muuza udi wa Kariakoo ambaye duka lake linafunguliwa wenzake wakishakunywa chai ya pili! Nasikia ameshashonesha joho. Sijafa bado, mwenzangu ameshapima mabega.

Ugonjwa wangu, kwa maelezo ya daktari, unatoka mezani. Chumvi. Alitaka kujua nakula nini. Mke wangu Thuraya akanianika bila huruma: tomato ya chupa kwenye mayai, soya sosi kwenye wali, na kile kichupa cha chumvi ninachotembea nacho mfukoni. (Hicho cha mfukoni sikujua kama anakijua.) Daktari akaagiza chakula changu kikolezwe kwa kitunguu saumu, giligilani, pilipili, na hasa ndimu. Ndimu nile nipendavyo.

Hilo nimelisikia vizuri sana.

Jumanne, 3 Desemba

Thuraya kaamkia kabati la jikoni. Soya sosi imemwagwa kwenye sinki huku naona. Mchana nikaletewa samaki wa kuchoma na chatini ya giligilani, kijani kibichi, chumvi hakuna hata punje. Nikasema mbuzi wa Vingunguti wangeishukuru. Thuraya akasema mbuzi hawana presha.

Lakini mimi Salem si mtu wa kushindwa na majani! Nikashuka ghorofa ya chini kwa jirani yetu Mama Pratik, ambaye achari yake inasifiwa Mchafukoge nzima. Tangu mwezi uliopita nayaona machupa yake yakiota jua juu ya paa. Ndani mna nini? Ndimu. Pilipili. Kitunguu saumu. Yote aliyoyataja daktari! Nikaomba chupa kubwa. Mama Pratik akauliza kama Mama Tasneem ana habari. Nikamjibu ni agizo la daktari. Uongo uko wapi hapo?

Nimeificha dukani kwangu, nyuma ya marobota ya mapazia. Nimeila kwa mkate mpaka vidole vimegeuka njano. Kumbe kula kwa afya ni kutamu hivi. Watu hulalamika bure.

Jumatano, 4 Desemba

Talha kapita dukani. Shikamoo kaka, pole kaka, pumzika kaka, mambo ya Maskati niachie mimi. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, eti walii akitokwa na machozi katikati ya maneno, ndoa inaswihi? Ameanza mazoezi ya kulia!

Nikajiona nachemka. Ndipo likanijia wazo. Presha kwetu ni ya ukoo. Talha naye anameza vidonge, naye anapimwa Ijumaa. Tukizuiwa wote wawili, harusi itabidi isubiri mpaka mimi nipone. Na bahati iliyoje! Asubuhi niliona Thuraya amesahau chupa moja ya tomato kwenye friji, imejaa pomoni. Nimetoka nayo chini ya kanzu.

Nikanunua mihogo ya kuchoma pale kona, nikaimiminia tomato mpaka ikaogelea. Talha akala, akajilamba, akasema hajapata kuonja tomato iliyokolea namna hii. Nikaona haya kidogo. Ni mdogo wangu, mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Halafu nikalikumbuka joho. Nikamwongezea.

Alhamisi, 5 Desemba

Kichwa kinagonga. Masikio yanavuma. Bila shaka ndimu inapambana na ugonjwa.

Talha karudi, kamaliza tomato yote. Safi!

Mchana Tasneem akaja dukani. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akauliza kama najisikia vizuri. Akasema tangu utotoni, kila akiifikiria siku ya ndoa yake, sura ya bwana harusi ilikuwa inabadilika, lakini mkono ulioushika mkono wake ulikuwa wangu. Akaniomba nijitunze. Nikamwahidi. Nilitaka kumkumbatia mwanangu, nikageukia ukutani kwa sababu nilinuka achari.

Ijumaa, 6 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Talha kapimwa kwanza. Daktari akatabasamu. Presha haijapata kuwa nzuri hivi! Nikadhani mashine mbovu. Zamu yangu. Mkono ukabanwa, ukaachiwa, ukabanwa tena. Nesi akamwita daktari. Daktari akapima mwenyewe. Imepanda! Imepita ya Jumatatu! Hakuna ndege.

Daktari akamuuliza Talha siri yake. Talha akasema mchana anakula mihogo ya Kaka Salem na ile tomato yake ya ajabu. Thuraya akageuka polepole. Tomato ipi? Nikaanza kukohoa. Kumbe ile ya kiwandani aliimwaga tangu Jumanne! Akachemsha nyanya mwenyewe, kitunguu saumu, ndimu, pilipili manga, bila chumvi kabisa, akaitia kwenye chupa ileile, maana anajua mumewe haamini kitu kisicho na lebo. Alinipikia mimi. Nikamlisha Talha!

Nikajitetea. Mimi nimekula ndimu tu! Ndimu za nani? Za Mama Pratik. Thuraya akashika kichwa. Akaniuliza, mtu mzima mwenye akili zake, kama nimewahi kuona achari inavyofanywa: tabaka la ndimu, tabaka la chumvi, tabaka la ndimu, tabaka la chumvi, kisha inaachwa juani mpaka ndimu iinywe chumvi yote. Mimi kule juu ya paa niliona jua tu.

Talha hakucheka. Angecheka ningemtukana nikapata nafuu. Alininyanyua kitini, akanishika mkono mpaka kwenye gari. Njia nzima nililia.

Jumamosi, 7 Desemba

Tasneem amepiga simu Maskati. Kawaambia wakwe haolewi kwa mkono wa mtu mwingine wakati wa babake upo. Nikaziba masikio nisisikie jibu. Wamekubali! Watakuja wao, ndoa itafungwa hapahapa Dar mwezi ujao, ilimradi presha yangu ishuke. Isiposhuka, Talha. Mara hii hakuna kuahirisha tena.

Jioni Talha kaja na joho. Kalileta kwangu. Kasema lilikuwa linambana, jambo ambalo si kweli. Nikamkumbatia. Nilijiona mdogo, na nilistahili.

Mbele ya wote nikaapa: wallahi, achari ya ndimu haitagusa tena ulimi wangu! Thuraya akaimwaga ile iliyobaki. Sikupepesa jicho.

Jumapili, 8 Desemba

Mtu mpya! Asubuhi nimekula mayai kwa chatini ya giligilani na kumshukuru mke wangu. Joho limenikaa vizuri.

Nikienda dukani nikakutana na Mama Pratik ngazini. Thuraya ameshamwendea. Kaomba radhi sana, kasema ndimu haniuzii tena hata nimpigie magoti. Nikamwambia asijali, ndimu nimeapa kuiacha, na Salem akiapa ameapa.

Alikuwa anapandisha machupa yake kwenye paa. Nikamsaidia, ni jirani. Machupa mazito. Nikachungulia. Hazikuwa ndimu. Zilikuwa embe! Embe mbichi, zimekatwa vizuri, zinang'aa.

Embe ni tunda. Na juzi, kabla hatujatoka, daktari alinisisitizia nile matunda.

Chupa iko nyuma ya mapazia.