Kadi ya Urbain Mnadani

Urbain hakuwa na gari, wala leseni ya kuliendesha, wala mke wa kumkumbusha kwamba hana. Haya pia hakuwa nayo, ila hiyo hakuihesabu kuwa hasara. Alichokuwa nacho ni krona elfu sita za Kiswidi, za masomo ya udereva, stempu moja ya kutuma fomu ya leseni, ulimi laini, na kadi ya zamani yenye picha ya mchezaji wa besiboli, aliyoiokota baada ya warithi kuitupa, alipokuwa akihamisha vyombo vya marehemu mmoja katika kitongoji cha Sundbyberg.

Kadi ile ilitoka katika seti ya kadi kumi na mbili, adimu kama jua la Januari. Urbain akachapisha mwenyewe kumi na moja zilizopungua, akazichovya kwenye chai, akazianika juu ya hita. Sasa alihitaji mlafi, na mlafi alikaa safu ya mbele kanisani: James, Mkenya mwenye kabati la kioo lililojaa kadi.

Mpango ulikuwa hivi. Kadi halisi ingetolewa sadaka kwenye mnada wa mavuno wa kanisa lao pale Jakobsberg. James angeinunua ghali, mbele ya mashahidi watakatifu. Kisha Urbain angemnong'oneza kwamba anazo nyingine, kwa bei ileile ya kanisa.

Jumapili James aliikagua kadi kwa kioo cha kukuzia, akameza mate. Dalali alikuwa Mama Kahindo, mwanamke aliyewahi kuuza boga moja mara nne.

"Elfu moja!" akasema James.

"Mbili!" akadakia Urbain, ili kumchochea. Kununua ulichotoa mwenyewe si ajabu pale. Huitwa kubarikiwa mara mbili.

"Tatu!" akajibu James.

"Nne!"

"Tano!"

"Sita!" Urbain akanguruma.

James akakaa, akakunja nne. "Mimi ni nani nimzuie ndugu yangu baraka zake?"

Urbain akaangalia mlango.

"Papa Urbain, mlango hauuzwi leo," akasema Mama Kahindo. "Namba ya Swish ya kulipia kwa simu iko ubaoni. Haya, na unamtunuku nani?"

Kwa desturi yao, aliyeshinda humpa kitu kile aliyeshindwa, ili upendo udumu. Urbain, asiyewahi kununua hata nyanya pale, alikuwa ameisahau. Vigelegele vikamsukuma hadi kwa James.

"Ubarikiwe, kaka," akasema James, akiipokea kadi kwa mikono miwili. "Ukipata nyingine, niletee. Kioo changu cha kukuzia hakilali."

Nyumbani, Urbain alizitazama kadi zake zinazonuka chai. James kapata kadi, kanisa limepata fedha, yeye kapata vigelegele. Na Mama Kahindo? Hakutoa hata senti, na bado aliondoka na boga kwapani!

Akachukua karatasi, kwa kuwa Mchungaji ni mzee anayeheshimu barua tu.

"Mpendwa Mchungaji, Mama Kahindo amechoka, tumhurumie. Mwaka ujao mnada utahitaji dalali aliyeonja machungu ya mnunuzi. Mimi niko tayari."

Akailamba bahasha, akabandika ile stempu ya leseni, akashuka kwa miguu kuitumbukiza sandukuni.