Shangazi, Sindano na Mpira wa Blenda

Kaeni kitako, enyi mnaokula bila kuuliza! Fungeni midomo, mfungue masikio, mpate habari za Shangazi, fundi cherehani, Mtiisha Mapindo, Mshinda Zipu Zilizokwama, ambaye kola yake haikukosa sindano hata siku moja, kama kiuno cha jemadari kisivyokosa upanga.

Alasiri hiyo sebule ya kaka yake ilijaa maputo, na mezani ilisimama keki nyeupe mfano wa ngome, sukari laini imeifunika paa zima. Aliyeijenga ni Bibi mzaa mama, malkia wa oveni, ambaye hata mkwewe humwamkia kwa kunyenyekea. Na aliyejengewa ni binti wa kaka huyo, aliyetimiza miaka sita siku hiyo, meno mawili ya mbele yako likizo, mwenye adui mmoja tu duniani: karanga. Mwaka uliopita kipande cha biskuti, kidogo kuliko ukucha, kilimvimbisha midomo na kuifanya pumzi yake ipige mluzi, na Shangazi ndiye aliyembeba mbio hadi zahanati akiwa na kiatu kimoja. Mluzi ule bado aliusikia kila alipozima cherehani.

Basi kisu kilipoinuliwa, alinguruma, "Kisu chini!"

Kisu kikashuka.

"Mama, shikamoo tena," alimwambia Bibi. "Humu mna nini?"

"Marahaba. Unga, mayai, siagi, sukari. Karanga hamna hata ya dawa. Kwani mimi simpendi mjukuu wangu?"

"Unga?"

"Pakiti mpya."

"Chombo ulipaka nini?"

"Siagi, mwanangu. Siagi!"

"Na sukari laini hivi, ulinunua?"

Bibi alirekebisha kilemba. "Nilisaga mwenyewe. Kwenye blenda yangu, niliyokuja nayo."

Puto likapasuka pembeni, wala hakuna aliyecheka.

"Blenda ile ile ya karanga za uji wako wa Ijumaa?"

"Nimeiosha mara tatu! Maji ya moto! Leo nifundishwe kuosha vyombo na mtu anayekunywa chai kwenye kikombe chenye nyuzi?"

Kaka alimvuta mkono. "Dada, yaishe. Unanivunjia heshima kwa wakwe."

Lakini Shangazi alikwishavamia jikoni. Alilikamata jagi la blenda, akalinyonga kitako mpaka likasalimu amri, akavitoa visu vyake, kisha akachomoa upanga kolani na kuupitisha polepole chini ya mpira mweusi, bonde lisilofikiwa na sabuni. Sindano ikatoka tupu. Akarudia; tupu. Wifi yake akaguna mlangoni, na kwa mara ya kwanza shujaa wetu akahisi masikio yake yanawaka moto. Akazama mara ya tatu. Safari hii ncha iliibuka na kitu cha kahawia, kidogo kama chawa, kinachong'aa mafuta.

Alikinusa. Akamnusisha Bibi.

Bibi alinusa kwa muda mrefu, kisha akatafuta stuli akaketi. "Ni yenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi ndiye niliyetaka kumlisha kwa mkono wangu."

Keki ikahamishwa kama mfalme aliyepinduliwa. Binti akaanza kutetemesha mdomo. Shangazi akanawa hadi viwiko, akamenya ndizi, akasimika juu yake mishumaa sita, akaiwasha. Binti akajaza kifua na kupuliza kwa pumzi pana, safi, isiyo na mluzi hata chembe, na mishumaa yote sita ikazimika kwa mkupuo mmoja. Itie alama siku hiyo, ewe kalenda ya ukutani! Jagi moja liliangushwa, na mtoto mmoja akaomba ndizi ya pili.

Kaka alisubiri makofi yaishe. "Haya, umeshinda. Sasa mwombe Mama radhi, umemwaibisha mbele za watu."

Shangazi aliiosha sindano, akaifuta, akairudisha kolani.

"Mama nitamletea mpira mpya wa blenda, nitamshonea na gauni. Radhi siombi."